Mguu wa Kulia wa Tandala

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, baba yangu alirudi nyumbani Jumapili moja alasiri akiwa na damu iliyokauka mashavuni na mguu wa mnyama mkononi. Kila nikijaribu kuisimulia habari hii kuanzia mahali pengine, najikuta nimerudi palepale mlangoni kwetu Rosettenville, Baba amesimama, anatabasamu, na damu imempasukapasuka usoni kila anapotabasamu. Nilidhani ameua mtu.

Mama aliziba mdomo kwa mkono. Bibi, mama yake Baba, ambaye alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu, aliinuka kwenye kiti chake karibu na hita, akaacha blanketi lianguke chini. Tangu aje sikuwahi kumwona akiachana na lile blanketi mchana wala usiku, maana baridi ya Johannesburg mwezi wa saba ilikuwa imemchosha kabisa.

"Hiyo nini usoni?" aliuliza.

"Damu ya tandala, Mama. Ni desturi yao. Mtu akimmaliza mnyama wake wa kwanza anapakwa damu, na haoshi mpaka jua lizame."

"Na weye ukakubali kupakwa najisi, ukakaa nayo njia nzima kutoka huko porini."

"Walikuwa wananiheshimu, Mama."

"Adhuhuri umeswalije?"

Lile tabasamu likamtoka Baba, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa na uchovu mwingi.

Lazima nieleze alikotoka. Baba alikuwa fundi wa ngozi katika karakana moja ya Doornfontein, wanakoshona matandiko ya farasi, mikanda na mifuko ya bunduki. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kifaransa ambaye mafundi wa Kikongo walimwita Musyu, na sisi wengine tukafuata. Musyu hakuwa na mke wala mtoto. Aliishi ghorofani, juu ya karakana yake, na kila msimu wa baridi alikwenda Limpopo kwenye shamba la rafiki yake, yeye na Wafaransa wenzake wanne watano, kuwinda kwa namna ya kwao. Walibeba mabaragumu ya shaba, yale ya mviringo ambayo mtu huyavaa begani, na kila jambo la mawindo lilikuwa na mlio wake. Baba alikuwa amefanya kazi kwake miaka tisa bila kualikwa hata mara moja. Mwaka huo akaalikwa.

Na hakualikwa hivihivi. Majuma mawili kabla, Musyu alikuwa amemwambia kwamba mikono yake imeanza kutetemeka, anataka kurudi kwao akafie huko, na karakana ataiandikia kwa jina la Baba. Wakitoka kuwinda tu wataenda kwa mwanasheria. Baba alituambia habari hiyo kwa kunong'ona, utadhani kuta zingeisikia na kuiharibu. Mama alilia. Mimi niliahidiwa chumba changu mwenyewe, maana wakati huo tulikuwa katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja, na nililala kitanda kimoja na Bibi.

Basi Baba alikaa chini, akaendelea kueleza na damu yake usoni, akiwa anataka sana tuelewe. Alisema tandala alikuwa dume kubwa, pembe zimejisokota mara tatu. Mmoja wa wale Wafaransa alimpiga risasi, mnyama akaanguka lakini hakufa. Rafiki zake Musyu wakataka kummalizia kwa risasi ya pili. Musyu akawazuia kwa mkono. Akamgeukia Baba akamuuliza Makka iko upande gani. Baba akaonyesha, na wale wazee wa Kifaransa, mmoja wao akiwa na fimbo ya kutembelea, wakamshika tandala pembe na miguu wakamgeuza kuelekea kibla. Musyu akampa Baba kisu chake mwenyewe. Baba akasema bismillahi, akachinja.

"Kwao, anayemmaliza mnyama kwa kisu ndiye mwenye siku," Baba alisema. "Wakavua kofia wote, Mama. Wote. Wakapiga mabaragumu. Musyu akakata mguu huu akanikabidhi mbele yao."

Akauweka mezani. Naukumbuka kuliko ninavyokumbuka sura za watu wengi niliosoma nao. Ulikuwa mguu wa mbele, wa kulia, umekatwa gotini, kwato nyeusi zinang'aa. Ngozi ya juu ilikuwa imechanwa vipande virefu, na vile vipande vilikuwa vimesukwa vizuri, mafundo matatu matatu, kama nywele zangu Mama alivyozisuka siku za shule. Nilishika kichwa changu bila kujua.

Bibi hakuugusa. Aliuzunguka kwa macho.

"Nani kausuka?"

"Musyu mwenyewe."

"Akisuka huku anasema nini?"

"Sikusikia. Mabaragumu yalikuwa yanalia."

"Unaona," Bibi alisema, akaketi. "Mtu asiye ndugu yako kakupaka damu. Kakukatia kiungo cha mnyama, kakifunga mafundo, kakupa mbele ya mashahidi, na makelele yamepigwa ili usisikie alichokinuia. Weye unaita heshima."

"Mama, yule mzee ananipa karakana."

"Kwani mtu humfunga nani? Si anayemhitaji? Mguu wa mbele wa kulia ndio unaotangulia safari. Huu utamtoa mtu nyumbani humu, na atakayetoka hatarudi akawa wa humu tena."

Sipendi watu wanapomcheka Bibi nikiwasimulia haya. Hakuwa mjinga. Alisoma Kurani vizuri, alijua kuzalisha, na dukani hakuna mtu aliyewahi kumpunja. Lakini alikuwa amekulia mahali ambapo kitu kilichokatwa na kufungwa mafundo, kikaletwa nyumbani kwako na mkono wa mgeni, kilikuwa na maana moja tu. Na hapa Johannesburg hakukuwa na mtu wa kumtoa hofu. Mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, wapangaji wenzetu, wote walikuwa na hadithi zao za viungo na dawa, mbaya kuliko za Tanga. Hata Mama, ambaye kwa kawaida hukubaliana na Baba, alisema polepole, "Si ungeuacha hukohuko?"

Baba akaufunga kwenye gazeti, akauweka juu ya kabati la chumba nilicholala mimi na Bibi, kwa sababu ndilo kabati pekee tulilokuwa nalo. Akaenda kuoga.

Asubuhi niliamka nikamkuta Bibi amekaa kitandani palepale alipokuwa nilipolala, tasbihi mkononi, macho mekundu, anatazama juu ya kabati. Mama alikuwa ameshatoka na ndoo yake ya vitumbua kwenda kuuza Marshalltown. Baba naye alikuwa ameondoka kwenda kupanga foleni ya karatasi zake za ukaazi, foleni ambayo ukifika saa moja umeshachelewa. Karakana siku hiyo ilifungwa, Musyu amewapa mafundi mapumziko. Shule nazo zilikuwa likizo.

"Zaina," Bibi aliniita. "Vaa sweta. Kuna kazi ya kufanya, na ni ya mtoto ambaye hajavunja ungo. Mie siwezi, mama yako hawezi."

Alinifundisha ndani ya teksi, mdomo wake sikioni mwangu, mguu ukiwa mapajani mwangu ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani. Niushike kwa mkono wa kushoto. Nimwage chumvi kwanza kizingitini, kisha niulaze juu ya chumvi, kwato zikiuelekea mlango, ili ujue kwamba unarudi kwa mwenyewe. Nigeuke niondoke. Nisiangalie nyuma. Nikiitwa nisiitike, kwa sababu nikiitika tu utarudi na mimi.

Bibi alibaki kwenye kona, karibu na robot, taa za kuongozea magari, amejifunika kanga mbili na koti la Baba. Nikatembea peke yangu. Mtaa niliujua. Siku nyingi Baba alinipeleka karakanani, na Musyu alinipa vipande vya ngozi vilivyobaki nikashonea wanasesere viatu. Aliniambia nina vidole vya fundi. Nilifika mlangoni nikamwaga chumvi. Nikautoa mguu mfukoni. Ulikuwa wa baridi, na manyoya yake yalikuwa laini kuliko nilivyotarajia, na jambo hilo lilinitisha zaidi kuliko kama yangekuwa makali. Nikaulaza. Nikageuka.

"Zaina?"

Sauti ilitoka juu, dirishani. Nilisimama.

"Zaina, nini? Baba yuko sawa?"

Musyu alikuwa anazungumza Kiswahili kidogo, cha kuokotaokota kwa mafundi wake. Aliuliza hivyo, kwa wema kabisa, na mimi sikuitika wala sikuinua uso. Nilianza kutembea, kisha nikakimbia, nikamsikia akiniita mara ya tatu. Bibi aliniuliza kama kuna mtu kaniona. Nikasema hakuna.

Jumanne Baba alikwenda kazini kama kawaida. Saa nne asubuhi alikuwa amesharudi. Alikuwa na mfuko mgongoni, na ndani yake nyundo yake, sindano zake, visu vyake vya kukatia ngozi. Aliviweka mezani kimoja kimoja.

"Kazi imekwisha," alisema.

"Na karakana?" Mama aliuliza.

"Imekwisha."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuuliza mguu uko wapi. Mama alisubiri, akidhani Baba atalia au atatukana, lakini alikwenda kunawa mikono. Mimi nilijificha bafuni. Hadi leo nikisikia jina langu likiitwa kutoka dirishani, moyo hunipasuka.

Baada ya miezi miwili ya kuhangaika mitaani, alipata kazi kiwanda cha viatu Durban. Alisema ni ya muda. Alikaa huko miaka kumi na mitatu. Alikuwa anakuja Idi mbili na siku chache za Desemba, mgeni katika nyumba yake, anauliza chumvi inakaa wapi. Chumba changu sikukipata. Mama alizeeka mapema. Bibi alirudi Tanga akiwa na huzuni lakini ameshinda, na kwenye simu hakuacha kukumbusha. "Niliwaambia. Mguu ulishamgusa, ulirudishwa umechelewa." Alifariki akiamini kwamba bila yeye Baba angekufa kabisa.

Na mimi niliamini. Hilo ndilo la aibu kwangu, mwanamke niliyesoma chuo kikuu. Niliamini kwa sababu maneno yake yalitimia neno kwa neno. Mtu alitoka nyumbani, na alipokuja hakuwa wa humu tena. Musyu kwangu akawa mchawi wa Doornfontein, na nilipopita mtaa ule nilivuka upande wa pili. Sehemu nyingine ya moyo wangu ilijua kwamba ni mimi niliyeuweka mguu kizingitini, na kwamba nilionekana. Sehemu hizo mbili sikuziruhusu zikutane.

Zilikutanishwa mwaka jana. Ofisini kwetu Marshalltown yuko mwenzangu anaitwa Solange, Mfaransa, tunakula pamoja mchana. Siku moja alikuwa ananionyesha kwenye simu picha za nyumba ya babu yake, kijiji chenye misitu. Akapitisha picha ya jiko, ya bustani, ya sebule. Ukutani pale sebuleni palikuwa na mbao ndogo mbili, na juu ya kila ubao mguu wa mnyama, ngozi imesukwa.

Nilimwaga chai yangu yote mezani. Solange alidhani nimeungua.

"Hiyo ni nini?" nilimuuliza, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtoto.

Akanieleza kwa urahisi tu, jinsi mtu anavyoeleza picha za harusi. Kwao, wanaowinda kulungu kwa mbwa na mabaragumu, siku ikiisha mguu wa mbele wa kulia hukatwa, ngozi ikasukwa, na mkuu wa mawindo akampa mtu mmoja anayetaka kumtukuza mbele ya wote. Kofia huvuliwa. Mabaragumu hupiga mlio wa heshima. Babu yake alikuwa amewinda karibu maisha yake yote na alipewa mara mbili tu. Jina lake na siku yake viliandikwa kwenye ubao. Anayepewa na mwenye nyumba anahesabiwa mtu wa nyumba ile.

"Na mtu akiurudisha?"

Alicheka. "Hakuna anayeurudisha." Kisha akaona uso wangu, akafikiri. "Itakuwa kumwambia mbele ya mlango wake kwamba yeye si mtu wa kukuheshimu. Sijui kama kuna tusi kubwa zaidi. Babu yangu asingemsemesha mtu huyo tena."

Aliendelea kunisimulia, masikini, akidhani napenda. Kwamba kuna siku ya mtakatifu wao wa wawindaji, mbwa wanaingizwa kanisani wabarikiwe, na zamani walilishwa mkate uliobarikiwa ili wasipate kichaa. Kwamba siku hizi hata kwao watu wanagombana, wengine wanalala barabarani kuwazuia wawindaji, na dada yake hali chakula kwenye ile nyumba kwa sababu ya miguu ukutani. Nilicheka, na machozi yakawa yananitoka. Mbwa kanisani, mkate wa kukinga kichaa, damu isiyooshwa mpaka jua lizame. Bibi na Musyu wangekaa meza moja wangeelewana kuliko watu wote niliowahi kuwajua.

Jumamosi nilikwenda Rosettenville. Baba amerudi sasa, mzee, anatengeneza viatu vya majirani barazani. Nilimwamkia, nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na yote niliyojiandalia yakanipotea.

"Baba, ule mguu wa tandala niliurudisha mimi."

Alivuta uzi mpaka mwisho.

"Najua, mama. Musyu alikuona. Siku ile ya Jumanne aliniuliza, nani kamtuma mtoto."

"Ukamwambia ni Bibi."

"Nilimwambia ni mimi."

Nilimtazama nisiamini. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimefikiri kwamba Musyu alimfukuza bila kumpa nafasi ya kujieleza, kwamba Baba alihukumiwa kwa kosa langu bila kulijua.

"Kwa nini, Baba? Ungesema ni mwanamke mzee aliyeogopa. Angecheka. Angekusamehe."

"Angecheka," alisema. "Ndiyo. Angemcheka mama yangu."

"Lakini karakana..."

"Zaina, sikiliza. Alfajiri ile kabla sijatoka, Bibi yako aliniuliza. Alisema, niruhusu niurudishe, sijalala. Nilijua ni heshima. Musyu alinieleza porini kila kitu, ubao, jina, kila kitu. Na nilijua mama yangu hatalala tena mle ndani mpaka ule mguu utoke. Nikamwambia afanye. Kwa hiyo Musyu aliponiuliza, sikusema uongo."

"Hukudhani utafukuzwa?"

"Nilidhani ataelewa," Baba alisema. "Alikuwa mtu wa kuelewa. Aliniuliza Makka iko wapi." Akakata uzi kwa meno. "Lakini na yeye alikuwa na yake. Alinipa mkono, mkono unatetemeka, akaniambia nikusanye vyombo vyangu."

Nilikasirika. Naliandika hili kwa sababu watu hutarajia mtu akisikia jambo kama hilo alainike. Nilikasirika hadi masikio yakaziba. Nilimfikiria Mama na ndoo yake ya vitumbua, nikamfikiria msichana wa miaka kumi na mmoja bafuni, na miaka yote aliyojiona kwamba yeye ndiye aliyemtoa baba yake nyumbani, wakati mtu mzima mwenye akili zake alikuwa ameshaamua kabla jua halijachomoza. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakujua kwamba nilikuwa na jambo la kuambiwa, kwani sikuwahi kuuliza.

Nimekaa na jambo hili karibu mwaka mzima. Nilizoea kusema kwamba imani ya Bibi ndiyo iliyotunyang'anya karakana, na baadaye, baada ya Solange, nikawa nasema ni ujinga wetu wa kutojua mila za watu. Yote mawili yananitoka mkononi sasa. Baba alijua. Alikuwa na heshima ya mzee mmoja upande huu na usingizi wa mzee mwingine upande ule, akaachia karakana ili mama yake alale, na gharama yake tukailipa sote bila kuulizwa. Kuna siku naona hakuna mwana bora kuliko yeye, na kuna siku siwezi kupokea simu yake.

Siku ile sikuondoka mapema. Jioni ilipoanza kuingia Baba alishindwa kuona tundu la sindano, akaniambia nimtungie uzi. Nikamtungia, akashona, nikamtungia tena.